Siku za Deni na Miaka ya Mkataba: Kwa Nini Maduka ya Mtaa Yanasukumwa Pembeni Nairobi

Duka nililonunulia mkate na maziwa kwa miaka mingi, katika mtaa ulio nyuma ya Barabara ya Thika, lilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichoegemea ploti ya vyumba vya kupanga. Mbele palikuwa na wavu wa nondo wenye tundu la kupitisha mkono, ndani rafu za mbao, na kwenye msumari kando ya mizani lilining'inia daftari nene lililofungwa kwa uzi wa gunia. Mama mwenye duka alikuwa akikata mche wa sabuni kwa kisu kirefu, kipande baada ya kipande, bila rula wala alama, na sikuwahi kuona kipande kimoja kikizidi kingine. Ploti ile sasa imebomolewa. Mahali pake panainuka ghorofa, na katika mchoro uliobandikwa kwenye uzio wa mabati, sakafu ya chini imepangiwa milango mipana ya vioo na maegesho ya wateja wa supamaketi.

Ukiwauliza majirani kwa nini maduka kama lile yanapungua, wengi watakwambia kwamba supamaketi inauza kwa bei nafuu, na wengine watakwambia kwamba watu wa siku hizi wanapenda kuchagua bidhaa wenyewe mahali penye mwanga. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini yanaanzia katikati ya hadithi. Bei nafuu inatoka wapi, ikiwa unga ni ule ule, wa kiwanda kile kile, uliosafirishwa kwa barabara ile ile? Na pale mahali penye mwanga palipatikanaje katika mtaa ambao mwenye duka amekuwa akitafuta chumba cha mawe kwa muda mrefu asikipate? Ukifuatilia pakiti ya unga kutoka kiwandani hadi kwenye rafu, kisha ukafuatilia kipande cha ardhi kutoka ploti hadi ghorofa, utaona kwamba kinachowatenganisha zaidi wafanyabiashara hawa wawili ni muda: nani anapewa siku za kulipa, na nani anapewa miaka ya kukaa.

Tuanze na unga. Nambari ninazotumia hapa ni za mfano, lakini hesabu yenyewe ndiyo ile inayofanywa kila jioni nyuma ya wavu. Mwenye duka ananunua pakiti 12 za kilo 2 kwenye duka la jumla kwa shilingi 140 kila moja, analipa shilingi 1,680 papo hapo, na kumlipa wa bodaboda au wa mkokoteni kumfikishia mzigo. Anauza kila pakiti kwa shilingi 150, kwa hiyo mzigo wote ukiisha vizuri unamwachia shilingi 120, kabla ya kutoa nauli ya mzigo, kodi na stima. Sasa, kati ya pakiti hizo 12, tatu zinaingia kwenye daftari kwa sababu fundi wa mtaani bado hajalipwa na mama wa chumba cha nne anasubiri mwisho wa mwezi. Zilizobaki tisa zinaleta shilingi 1,350. Pesa hizo hazitoshi kununua mzigo mwingine kama ule wa kwanza, na pengo la shilingi 330 litazibwa na pesa za sukari, au za karo, au za mkopo wa simu. Mwenye duka hajapata hasara hata shilingi moja katika hesabu hiyo. Amekosa muda tu.

Supamaketi yenye matawi mengi inanunua unga ule ule moja kwa moja kutoka kiwandani, kwa wingi unaoipa bei ya chini, na juu ya hayo inaupokea bila kulipa. Kiwanda kinaandika ankara, na malipo yanafuata baada ya siku 30, 60, wakati mwingine 90. Ikiwa unga unaisha kwenye rafu kwa wiki moja na ankara inadaiwa baada ya siku 60, basi pesa za mauzo ya kwanza zinaweza kuzungushwa mara nane kabla ya kiwanda kuanza kudai. Kwa pesa hizo mtu anaweza kulipa mishahara, kufungua tawi jingine, na kuuza unga bila faida yoyote mwisho wa mwezi ili kuwavuta watu waingie, kwa sababu anayeingia kwa ajili ya unga hutoka na sabuni, mafuta ya kujipaka na soda. Mwenye duka akiona unga ule unauzwa ng'ambo ya barabara kwa bei anayonunulia yeye, husema kwamba hawa watu wanauza kwa hasara. Ukweli ni mchungu zaidi: wanauza kwa pesa za msambazaji, ambaye hana namna ya kukataa.

Hilo la msambazaji kushindwa kukataa limethibitishwa rasmi. Sheria ya ushindani ya Kenya inatambua kosa la mnunuzi mkubwa kutumia vibaya nguvu zake dhidi ya anayemuuzia, na mnamo Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kufuatia malalamiko ya wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Kabla ya hapo palikuwa na kesi nyingine dhidi ya kampuni hiyo, iliyoletwa na msambazaji wa maziwa ya mtindi. Kiini cha malalamiko kilikuwa makato ambayo msambazaji hurudisha kwa supamaketi kutokana na mauzo yake mwenyewe, na masharti mengine ambayo mtu hukubali kwa kuogopa kuondolewa kwenye rafu. Kesi hizi huhesabiwa kuwa ugomvi wa kampuni kwa kampuni, na kwa kweli ndivyo zilivyo. Lakini kila shilingi ambayo kiwanda kinabanwa kumrudishia mnunuzi mkubwa lazima kitafute pa kuifidia, na mahali rahisi ni bei anayouziwa asiye na nguvu ya kujadiliana. Anayenunua pakiti 12 hana nguvu hiyo.

Mtu atasema kwamba maduka makubwa nayo yameanguka, tena kwa kishindo, na hilo ni kweli. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifungwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006 kabla ya kufufuliwa na kudhoofika tena. Nakumatt, ambayo ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Tuskys ilifuata njia hiyo hiyo kuanzia mwaka 2020. Lakini tazama walioachwa na mzigo: wasambazaji waliokuwa wamepeleka bidhaa na kungoja malipo, wakiwemo wadogo wa mboga, mayai na viungo, ambao siku zao 60 zilikuwa miezi, na miezi ikawa miaka. Na rafu zile hazikurudi kwa maduka ya mtaa. Naivas, Quickmart na Carrefour, ambayo ilifungua tawi lake la kwanza nchini huko Karen mwaka 2016, zilichukua kumbi zilizoachwa wazi. Supamaketi ikifa, nafasi yake hurithiwa na supamaketi nyingine, kwa sababu jengo lilikwisha kujengwa kwa kipimo chake.

Kuna eneo moja ambalo duka la mtaa limesimama imara, nalo linastahili kuelezwa kwa heshima. Mtu anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: robo ya sukari, mafuta ya kupima, majani ya chai ya shilingi kumi, kipande cha sabuni, maziwa ya ATM, yaani ya mashine inayopima, kwa bei anayotaja mwenyewe. Biashara hii ya kadogo hudharauliwa na watu wanaoweza kununua kwa mwezi, na ni kweli kwamba anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila gramu. Lakini duka linalouza hivyo linafanya kazi ambayo supamaketi haiitaki, yaani kukata, kupima, kufungua saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa nne usiku, na kumwamini mtu kwa sababu unajua mlango wake. Ndiyo maana katika Mathare, Kawangware au Mukuru huoni maduka yakitoweka. Maduka yanayotoweka ni yale ya mitaa ya kati, kama Roysambu, Kasarani, Donholm na South B, ambako wapangaji wa vyumba vya ploti wanaondolewa na nafasi yao kuchukuliwa na wapangaji wa fleti wenye mshahara wa mwezi.

Hata ile nguvu ya daftari inamomonyoka, na nadhani jambo hili halijazungumzwa vya kutosha. Kwa miaka mingi mteja alirudi kwenye duka lile lile hata kama bei ilizidi kwa shilingi tano, kwa sababu supamaketi haikopeshi. Tangu huduma ya Fuliza ianze mwaka 2019, mtu asiye na salio anaweza kulipa kwa M-Pesa kwenye keshia ya supamaketi na kubaki na deni kwenye simu. Deni limetoka kwenye daftari likahamia kwenye simu, likaanza kutozwa ada, na mteja akawa huru kulipeleka popote. Mama mwenye duka hakuwahi kutoza riba. Alichopata kwa kukopesha ni mteja anayerudi, na hicho ndicho alichonyang'anywa.

Twende kwenye ardhi sasa, maana huko ndiko duka linakomalizwa kabisa.

Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu 2,143,254 mwaka 1999, na watu 4,397,073 mwaka 2019. Jiji lililoongezeka maradufu kwa miaka 20 lazima lijenge, na hakuna anayependa jiji lake anayeweza kulilaumu kwa kujenga. Barabara kuu ya Thika ilikamilika mwaka 2012. Mwaka uliofuata Thika Road Mall ilifunguliwa Roysambu, na mwaka 2015 Garden City ikafuata kilomita chache kutoka hapo. Barabara ya mwendokasi kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa kilomita 27, ilianza kutumika mwaka 2022, na gari linalopita juu yake halisimami kununua ndizi. Barabara inapopanuliwa, vibanda vilivyo kwenye hifadhi ya barabara hung'olewa kwanza. Inapokamilika, bei ya ardhi iliyo kando yake hupanda, na mwenye ploti ya vyumba vya mabati huanza kupigiwa simu na watu wa kununua.

Jengo kubwa la biashara halianzi na msingi. Huanza na mpangaji. Benki inayoombwa kufadhili ujenzi hutaka kujua nani atalipa kodi, na jibu linaloiridhisha zaidi ni mkataba wa miaka 10 au zaidi uliotiwa saini na kampuni yenye jina. Kwa hiyo supamaketi hufuatwa mapema, huulizwa inataka dari ya kimo gani na mlango wa kupokelea mizigo upande gani, na hupewa kodi ya chini kwa kila futi ya mraba kwa sababu yeye ndiye atakayewaleta watu. Wenye maduka madogo wakija baadaye, hupewa vyumba vilivyobaki kando ya njia kwa kodi ya juu zaidi kwa kila futi, pamoja na ada ya huduma ya taa, ulinzi na usafi. Kwa maneno mengine, muuza viatu aliye kwenye korido husaidia kulipia nafuu ya supamaketi, huku akiomba isihame. Nakumatt ilipoyumba katika majengo ambayo ilikuwa mpangaji mkuu, wenye vyumba vidogo walikaa miezi wakitazama ukumbi mtupu. Thika Road Mall ilimpata Carrefour mwaka 2017 kujaza nafasi hiyo. Mpangaji mkuu alitafutwa kama dawa. Sijasikia mwenye jengo akimtafuta muuza viatu namna hiyo.

Mwenye duka la ploti, kwa upande wake, kwa kawaida hana karatasi. Alikubaliana na mwenye ploti kwa mdomo, pengine alilipa gudwili, yaani pesa za kuachiwa chumba, kwa mpangaji aliyemtangulia bila kupewa risiti, na tangu hapo amekuwa akituma kodi kwa simu kila tarehe tano. Wengi huamini kwamba kukosa mkataba ni kukosa haki, na imani hiyo imewagharimu vibaya kuliko bei ya unga. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, ambayo ni Sura ya 301 ya sheria za Kenya na ilitungwa mwaka 1965, inamlinda hasa mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, pamoja na yule mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Mwenye jengo hawezi kumwondoa wala kumpandishia kodi kwa ujumbe wa simu. Lazima ampe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, itakayoanza kufanya kazi baada ya miezi isiyopungua 2, na ataje sababu zinazokubalika. Mpangaji ana mwezi 1 wa kujibu kwa maandishi kama anakubali au la, na asipokubali anaweza kupeleka shauri mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika. Shauri likiwa mbele ya baraza, notisi haifanyi kazi hadi uamuzi utolewe.

Wenye majengo wanaijua sheria hii kuliko wapangaji. Ndiyo sababu mikataba mingi ya maduka jijini imeandikwa kuwa ya miaka 5 na miezi 3, ile miezi 3 ikiwa imewekwa kwa makusudi ili mpangaji atoke kwenye kinga ya Sura ya 301. Mtu anayetia saini mkataba wa namna hiyo hufurahi kwamba amepewa muda mrefu, na hajui kwamba robo mwaka ile ndiyo iliyomvua ulinzi. Nakiri pia kwamba sheria haizuii ujenzi: nia ya kweli ya kubomoa na kujenga upya ni miongoni mwa sababu ambazo mwenye jengo anaruhusiwa kuzitoa. Inachompa mwenye duka ni miezi ya kutafuta mahali, kumaliza bidhaa, na kukusanya madeni. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote uko kwenye rafu na kwenye daftari, miezi hiyo inaweza kuamua kama atafungua mahali pengine au atarudi nyumbani.

Mambo mengine nitayataja kwa ufupi, kwa kuwa yanasukuma upande ule ule. Tangu Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS wa mamlaka ya mapato haihesabiwi wakati wa kukokotoa kodi ya mapato ya biashara, kwa hiyo shule, mkahawa au ofisi iliyokuwa ikichukua sukari na sabuni kwenye duka la jirani ilipata sababu ya kuhamia mahali panapotoa ankara hiyo bila kuombwa. Nia ya kupanua kodi inaeleweka. Aliyepoteza mteja ni yule asiyekuwa na kifaa wala mtu wa kumfundisha. Na yale maandamano ya Februari 2023, wafanyabiashara wa maeneo ya soko ya Nyamakima na Gikomba jijini walipoandamana dhidi ya wauzaji wa Kichina baada ya duka la China Square kufunguliwa kwenye Barabara ya Thika, yalielekeza hasira kwa uraia wa mwenye duka, na kwa hilo yalikosea. Kilichowaumiza ni kwamba anayeagiza makontena moja kwa moja kutoka kiwandani anaruka ngazi zile zile za wauzaji wa kati ambazo Nyamakima huishi kwazo. Angekuwa Mkenya, hesabu ingekuwa ile ile.

Yamekuwapo majaribio ya kumpa mwenye duka muda anaonyimwa. Twiga Foods, iliyoanza mwaka 2014 kwa kuuza ndizi, ililenga kufupisha njia kati ya shamba na kibanda, na kampuni nyingine zikafuata zikipeleka bidhaa hadi mlangoni na kuruhusu malipo ya baadaye. Zilitegemea fedha za wawekezaji wa nje, na fedha hizo zilipopungua nazo zikapungukiwa. Copia, iliyouza kupitia mawakala wenye maduka, iliwekwa chini ya msimamizi Mei 2024. Mimi nina imani zaidi na jambo dogo ambalo nimeliona likifanywa na wenye maduka watano wa mtaa mmoja: kila Jumatatu wanachanga, mmoja anakwenda kununua kwa niaba ya wote, wanapata bei ya mzigo mkubwa na kugawana nauli ya gari. Hawapati siku 60, lakini wanapata shilingi nne au tano kwa pakiti, na katika hesabu ile ya shilingi 120 hiyo ni tofauti kubwa. Chama kama hicho kikisajiliwa, kinaweza pia kuingia mkataba wa chumba kwa jina lake, na kaunti inayotoa vibali vya majengo ingeweza kudai kwamba sehemu ya sakafu ya chini itengwe kwa vyumba vidogo, na waliokuwa na maduka kwenye ploti hiyo waulizwe kwanza.

Mama mwenye duka letu aliambiwa aondoke kwa simu, siku kumi na mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuonyeshwa fomu yoyote, na nilipomsomea yale masharti ya Sura ya 301 tayari alikuwa ameuza rafu kwa seremala na kurudisha kreti za soda. Siku ya mwisho alikata mche mmoja wa sabuni uliobaki akawagawia watoto waliokuwa wakimsaidia kubeba. Daftari alilibeba mwenyewe. Watu waliokuwa wameandikwa humo walikuwa wapangaji wa vyumba vile vile vilivyobomolewa, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuhama, mmoja Githurai, mwingine Ruiru, wengine hakujua ni wapi.